Pemba na Unguja: majirani wasiofanana viumbe

Popo wa Pemba ni mnyama mkubwa. Akikunjua mabawa hufika mita 1.6 kutoka ncha hii hadi ile. Mchana utawakuta Kidike, si mbali na Chake Chake, wakining'inia kwa mamia kwenye miti mirefu, wakigombea matawi na kujipepea kwa mabawa joto linapozidi. Jua likizama huondoka kundi baada ya kundi kwenda kwenye miembe na mishelisheli. Popo wa jamii hii huweza kuruka makumi ya kilomita kwa usiku mmoja akitafuta chakula. Bara liko kilomita 50 hivi upande wa magharibi, na Unguja iko umbali kama huo upande wa kusini. Kote huko maembe yapo. Popo huyu hayupo.

Wala si yeye peke yake. Jenasi yake nzima, Pteropus, haina hata spishi moja inayoishi Afrika bara. Ndugu zake wako Komoro, Madagaska, Ushelisheli, Morisi, kisha India, na kuendelea hadi Australia na visiwa vya Pasifiki. Kwa ukoo, popo wa Pemba ni mtu wa mashariki aliyefika karibu kabisa na Afrika akaishia mlangoni.

Geuza kisa upande wa pili. Unguja ina kima punju, yule mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe kuzunguka uso, ambaye porini huwezi kumwona nje ya Zanzibar. Unguja ina paa nunga, mwenye mkanda mweupe nyuma ya mapaja. Unguja ilikuwa na chui. Pemba haikuwa na yeyote kati ya hao. Lakini Pemba ina spishi nne za ndege ambazo hazipo popote duniani isipokuwa hapo na kwenye vijisiwa vyake: njiwa wa kijani (ninga), bundi mdogo, chozi, na ndege mmoja mdogo wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Unguja, pamoja na ukubwa wake wote, haina hata spishi moja ya ndege iliyo yake peke yake. Inazo nususpishi tu, yaani ndege wa bara waliobadilika kidogo.

Visiwa viwili, bahari moja, mvua za masika na vuli zile zile, karafuu zile zile. Kwa nini viumbe visifanane?

Hesabu ya vitabuni

Mwaka 1967 wanabiolojia wa Marekani Robert MacArthur na Edward O. Wilson walikamilisha nadharia ambayo mpaka leo ndiyo mahali pa kuanzia kwa kila anayesoma viumbe vya visiwani. Kwa ufupi: idadi ya spishi kisiwani ni matokeo ya mizani kati ya wanaoingia na wanaotoweka. Kisiwa kilicho karibu na bara hupata wageni wengi. Kisiwa kikubwa hupoteza wachache, kwa sababu kila spishi ina nafasi ya kuwa na viumbe wengi wa kwake. Huhitaji kujua historia ya kisiwa. Unahitaji ramani na rula.

Tuipime hapa. Unguja ni kubwa zaidi, takriban kilomita za mraba 1,600, na Pemba inakaribia 1,000. Unguja iko karibu zaidi na bara, kama kilomita 35 pale panapokaribiana. Kwa hiyo nadharia inatabiri Unguja iwe na spishi nyingi zaidi, na kweli inazo, hasa wanyama wa nchi kavu. Mpaka hapo rula imeshinda.

Ila rula haikuambii kwa nini kisiwa chenye spishi chache ndicho chenye spishi za peke yake. Hapo inabidi uache ramani ya juu ya maji utazame ya chini.

Kina cha maji

Kati ya Unguja na Bagamoyo bahari ni ya kina kifupi, sehemu kubwa haizidi mita 50. Kati ya Pemba na bara kuna bonde la bahari linalofika mita 800 hivi. Pemba ni pande la ardhi lililotenganishwa na bara kwa mipasuko ya miamba. Tarehe inayotajwa sana ni miaka milioni 6 iliyopita, na wapo wanajiolojia wanaoibishia. Kwa hoja yetu tarehe kamili haina uzito mkubwa. Lenye uzito ni hili: wakati wa kilele cha enzi ya barafu iliyopita, kama miaka 20,000 nyuma, maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda kaskazini na kusini, na uso wa bahari ulishuka takriban mita 120. Ukitoa mita 120 kwenye 50 unabaki na nchi kavu. Ukitoa 120 kwenye 800 bado una bahari.

Kwa hiyo miaka 20,000 iliyopita mtu angeweza kutembea kwa miguu toka Bagamoyo mpaka Jambiani bila kulowa magoti, labda kwenye mito. Nyati walitembea, na chui nyuma yao. Bahari ilirudi polepole barafu ilipoyeyuka, na kama miaka 10,000 hivi iliyopita Unguja ikawa kisiwa tena.

Nasema tena kwa sababu haikuwa mara ya kwanza. Kwa takriban miaka 800,000 iliyopita bahari imekuwa ikishuka na kupanda kwa mizunguko ya karibu miaka laki moja moja. Kila iliposhuka vya kutosha, Unguja iliunganishwa na bara, na viumbe walioanza kujitenga wakachanganyika upya na wenzao. Mageuko yalikuwa yanaanza na kufutwa, yanaanza na kufutwa. Pemba haikufutwa. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kwanza ya ninga wa Pemba kuwa spishi kamili, kichwa na kifua vikiwa vya kijivu, ilhali ndege wa Unguja wamebaki kuwa vivuli vya wale wa bara. Kwa ndege mwenye mabawa, kilomita 35 na kilomita 50 hazina tofauti ya kutisha. Tofauti ni muda uliopita bila mtu kukuingilia.

Unguja: kisiwa kinachopungukiwa

Hapa ndipo kisa kinaponoga, na ushahidi umelala chini ya ardhi kusini mashariki mwa Unguja, katika pango la Kuumbi karibu na Jambiani. Wanaakiolojia wamelichimba kwa awamu, na ndani ya tabaka za chini, za zamani zaidi ya miaka 15,000, wamekuta mifupa ya wanyama waliowindwa na watu: punda milia, nyati, kuro, tohe. Wanyama wa mbuga, Unguja! Kadiri unavyopanda kwenye tabaka za juu, wakubwa hao wanapotea mmoja mmoja, wakabaki wadogo: paa wa aina mbalimbali, pelele, kima, nguruwe mwitu.

Wala si lazima umtafute mwuaji mmoja. Nyati anahitaji malisho mapana na kundi kubwa la kutosha lisimalizwe na mwaka mmoja wa ukame au ugonjwa. Ukimfungia kwenye kilomita za mraba 1,600, nusu yake ikiwa mawe ya matumbawe yenye vichaka, huku binadamu wakiwinda, hesabu yake inaelekea sifuri hata kama hakuna siku moja unayoweza kuinyooshea kidole. Kisiwa kilichokatwa kutoka bara huanza na orodha ya bara nzima, kisha hulipa. Unguja ni mrithi aliyeachiwa shamba kubwa na kipato kidogo: anauza kipande kipande, na mwenye kumtazama kwa mbali anadhani bado ni tajiri.

Chui ndiye kipande cha mwisho kuuzwa. Alitambuliwa kama nususpishi mwaka 1932 na mtaalamu wa wanyama Reginald Pocock wa London, kwa ngozi chache tu: mdogo kuliko chui wa bara, madoa yake madogo yaliyokatikakatika. Miaka 10,000 ilitosha kumbadilisha umbo na koti, haikutosha kumfanya spishi nyingine. Na udogo wake una mantiki ya kiikolojia, kwa kuwa mawindo makubwa yalikuwa yamekwisha, na chui wa kula paa na kima hahitaji mwili wa kuangusha kuro. Sisemi imethibitishwa, nasema inaelekeana. Baadaye akaingia kwenye imani za watu kuwa ni mfugo wa wachawi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaendeshwa kampeni ya kuwasaka. Leo wataalamu wengi wanamhesabu kuwa ametoweka.

Sasa kima punju. Wengi huandika kwamba ni mnyama aliyezaliwa Unguja na mageuko ya Unguja. Uchambuzi wa DNA unasema vingine: ukoo wake uliachana na jamaa zake wa bara mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Tarehe hiyo ni kongwe mno kuliko kisiwa cha leo. Ina maana waliokuja kuwa kima punju walikuwepo pwani nzima au sehemu yake, wakaishi humo huku bahari ikipanda na kushuka, kisha wa bara wakatoweka na wa Unguja wakasalia. Kisiwa hakikumzaa. Kilimhifadhi. Paa nunga naye anatoa ushahidi huo huo kwa njia rahisi zaidi, maana bado yupo bara: katika msitu wa Arabuko-Sokoke wachache sana, na katika misitu ya Boni na Dodori kaskazini mwa pwani ya Kenya, ambako kamera za mitego zilionesha kuwa wapo kwa wingi usiotarajiwa. Wangekufa wale wa Kenya, kesho tungemwita paa wa Unguja pekee na kukisifu kisiwa kwa kazi isiyo yake.

Kuhifadhi nako kuna kazi yake, na kima punju anaonesha jinsi ikolojia inavyofanya kazi pale ambapo jeni hazina muda. Kandokando ya msitu wa Jozani, kwenye mashamba ya watu, makundi yake hula majani machanga ya miembe na mikungu. Majani hayo yana protini nyingi, ila yana pia kemikali za jamii ya fenoli zinazovuruga tumbo. Dawa yao ni mkaa. Mmoja hushuka kwenye kisiki kilichoungua au mahali palipochomwa mkaa, huokota kipande, hupanda nacho juu na kukitafuna. Watafiti walipoupima mkaa huo katika miaka ya 1990 walikuta unazinasa vizuri fenoli. Watoto huiona tabia hiyo kwa mama zao. Makundi ya ndani ya msitu hayana haja nayo. Kwa hiyo ndani ya kisiwa kimoja, kwa vizazi vichache tu, kima huyu mla majani amepata chakula kipya bila mwili wake kubadilika, na ndiyo maana karibu na mashamba wamesongamana kuliko msituni. Sensa ya miaka ya 2010 ilihesabu kima punju 5,862 kisiwani, wengi kuliko makadirio ya awali, na baadhi yao wakiishi nje ya mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka.

Pemba: kisiwa kinachotengeneza

Pemba ilianza na kidogo. Mnyama asiyeweza kuruka wala kuelea hana njia ya kufika, na ndiyo maana orodha ya wanyama wake wa nchi kavu ni fupi. Wachache waliofika, hata hivyo, walikuta nafasi tupu na muda mrefu.

Chozi wa Pemba ni mfano mzuri. Bara kuna jamii nyingi za chozi, kila moja na maua yake, kimo chake, msimu wake. Pemba ni wachache mno. Basi huyu mdogo, aliyeelezwa na mtaalamu wa ndege Mjerumani Anton Reichenow mwaka 1905, yuko kila mahali: msituni, mashambani, kwenye bustani za Wete na Mkoani, hata kwenye maua ya uani. Yule wa manjano mwenye duara jeupe jichoni naye vivyo hivyo. Ikolojia imewaachia mlango wazi, mageuko yamepata ndege wengi wa kufanyia kazi, na ndege wengi maana yake ni kutotoweka kirahisi, hivyo muda wa kuendelea kubadilika. Mambo haya mawili hayaji kwa foleni, moja likamaliza ndipo la pili lianze. Yanalishana.

Lakini tazama kitu ambacho Pemba haikufanya. Hakuna ukoo hata mmoja wa ndege uliogawanyika humo ndani ukatoa spishi mbili. Ninga mmoja, bundi mmoja, chozi mmoja. Kila mgeni alitoa spishi moja, basi. Mwaka 2000 wanabiolojia Jonathan Losos na Dolph Schluter walionesha kuwa mijusi wa Anolis wa visiwa vya Karibi hugawanyika ndani ya kisiwa kimoja pale tu kisiwa kinapozidi takriban kilomita za mraba 3,000. Kwa ndege, wanaovuka bonde kwa dakika, eneo hitajika ni kubwa zaidi. Pemba ni theluthi ya kiwango cha mijusi. Mwenye kutarajia kuona hapa mlipuko wa spishi kama wa Hawaii atasubiri sana. Pemba ina umri, haina nafasi.

Mtende wa mpapindi unaomea msitu wa Ngezi nao unastahili sentensi zake. Upo Pemba tu, na jamaa zake wako Madagaska na Komoro, si bara. Ukiuweka pamoja na popo unaona kuwa kisiwa hiki kilipokea wageni kutoka pande mbili, huku mkondo wa bahari unaopita ncha ya kaskazini ya Madagaska ukija kugonga pwani yetu na kupanda kaskazini kupitia Mafia na Zanzibar.

Na sasa Mafia inatuharibia hadithi, jambo ambalo nalifurahia. Mafia ni kisiwa cha maji ya kina kifupi kama Unguja, kilikuwa bara juzi tu, kiko karibu sana na delta ya Rufiji. Kwa hoja ya kina cha maji pekee, kisingepaswa kuwa na popo wa Pteropus. Kinao, tena wa spishi ile ile ya Komoro. Kwa hiyo popo hawa wanafika pwani yetu, na wamefika zaidi ya mara moja. Kinachowazuia bara si bahari. Ni kitu kilichoko nchi kavu: popo wengine walao matunda ambao tayari wameshika miti, wanyama wanaowinda popo waliolala, au vyote kwa pamoja. Kusafiri kuliwaleta, ikolojia ikawachagulia pa kukaa, na kutengwa kukawafanya wa Pemba wawe spishi yao wenyewe, iliyoelezwa mwaka 1909 na mtaalamu wa wanyama Mjerumani Paul Matschie. Ukiondoa lolote kati ya hayo matatu, popo wa Kidike haelezeki.

Karafuu

Binadamu aliingia kwenye mizani hii kwa namna tofauti kwenye kila kisiwa. Tufani ya 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa mama wa karafuu. Msitu wa asili ulikwenda, ukabaki Ngezi kaskazini na mabaki madogo, mengine yamesalia kwa sababu ni makaburi ya wazee na hakuna wa kuthubutu kuyakata.

Ajabu ni kwamba spishi za peke yake za Pemba zimevumilia kuliko ungetarajia. Bundi wake mdogo anaitika usiku kwenye mashamba ya mikarafuu. Mikarafuu ni miti mirefu ya kudumu, na ndege aliyezoea kutumia kila sehemu ya kisiwa haoni shida kuhamia. Popo ndiye aliyeumia, kwa kuwa yeye huliwa. Mwaka 1996 aliwekwa kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Wanavijiji walipounda vilabu vya kuwalinda na uwindaji ukapungua, hesabu ilipanda, na kufikia 2007 walizidi 20,000. Kasi hiyo inaonesha kuwa chakula kilikuwepo muda wote. Tatizo lilikuwa bunduki na nyavu.

Jaribio la 1974

Bila kukusudia kuthibitisha nadharia ya mtu, mwaka 1974 kima punju 14 walichukuliwa kutoka Unguja wakaachiwa Ngezi. Kwa mwanasayansi wa visiwa hili ni jaribio la dhahabu: mnyama ambaye bahari ilimzuia kwa miaka yote anavushwa kwa mashua. Akifa, ikolojia ndiyo iliyomzuia. Akistawi, ilikuwa bahari tu.

Hakufa, hakustawi. Zaidi ya miaka 20 baadaye watafiti walikuta bado wapo, kikundi kidogo kisichozidi sana idadi ya walioletwa. Majani ya Pemba yanawalisha, kwa hiyo kweli bahari ndiyo iliyowanyima. Lakini mbegu ya wanyama 14 katika msitu wa hekta zipatazo 1,400, uliozungukwa na mashamba, ni ndogo mno, na kilichoua nyati wa Kuumbi hakijabadilika kanuni: idadi ndogo, nafasi ndogo, bahati mbaya moja.

Kwa hiyo sikubaliani na wazo, linaloibuka mara kwa mara, kwamba visiwa hivi vihifadhiwe kwa mpango mmoja. Unguja kinachotakiwa ni kupunguza kasi ya kupotea: vipande vya msitu vya Jozani, Uzi na Kiwengwa viunganishwe, na mashamba ambamo kima wanaishi nje ya hifadhi yaingizwe kwenye hesabu, fidia ya mkulima ikiwemo. Pemba kinachotakiwa ni kuacha kazi iendelee: miti mikubwa ya makaburi na ile mikongwe yenye matundu iliyosimama katikati ya mikarafuu, ambamo bundi hutaga, isikatwe mbao. Na kabla ya yeyote kupakia mnyama mwingine kwenye boti kuvuka kutoka kisiwa kimoja hadi kingine, aulize kwanza miti na ndege wa Pemba, ambao kabla ya 1974 hawakuwahi kuishi na kima mla majani, watalipa nini.